Samli Kwenye Distributa

Baba alipozidiwa na ugonjwa, aliing'oa distributa ya pikapu yake, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini ya kitanda. Bila hiyo hakuna mwizi ambaye angeweza kuiwasha. Mama alikuwa ameshatangulia. Baba alikufa mvua zilipokuwa zinaisha, na pikapu ikabaki uani kwetu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kuku wakitaga nyuma kwenye bodi.

Tulikuwa wanne. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa nimeacha shule darasa la tano ili nimuuguze. Matanga yalipokwisha, baba mdogo alituita.

"Pamba inavunwa sasa. Pikapu ikiwaka kabla sijaondoka kesho, nitatafuta dereva wa kubeba pamba, mtabaki hapa na bibi yenu, itawalisha. Isipowaka naiuza, na nyinyi tutawagawa. Wawili Geita kwa shangazi yenu, huyu mdogo nitaondoka naye, wewe mkubwa utabaki na bibi."

Mdogo wetu alinishika sketi.

"Nitaiwasha mimi, baba," nikasema.

"Wewe? Haya, fundi wa sketi. Tuone."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na nyumba ya vyumba viwili.

Nilikuwa nimemshikia baba spana miaka mingi. Asubuhi niliirudisha distributa mahali pake, nikapanga nyaya za plagi kama alivyokuwa akizipanga. Betri tuliazima kwa jirani. Nilizungusha hendeli ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Kimya. Nikachomoa waya mmoja wa plagi, nikausogeza karibu na injini huku mdogo wangu wa pili akizungusha. Hakuna cheche. Nikasafisha platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa. Bado.

Mdogo wetu alikuwa ameshafungiwa nguo zake kwenye kanga. Alikalia furushi lake mlangoni.

Baba alikuwa akisema umeme ukitoka kwenye betri lazima upate njia ya kurudi, na njia yenyewe ni chuma cha gari. Hiyo aliiita athi. Ndani ya distributa mlikuwa na waya mfupi wa athi uliokazwa kwa skrubu. Nilichukua kipande cha waya mwingine, ncha moja nikaigusisha kwenye bamba la platini, nyingine kwenye injini. Hendeli ilipozungushwa, cheche ikaruka, ya buluu. Kumbe ule waya wa athi ndio uliokuwa haupitishi.

Nikafungua ile skrubu. Chini yake palikuwa na kitu cha kahawia, kigumu kama gundi. Nikakinusa. Samli.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, ananitazama.

"Bibi, uliipaka hii?"

"Kila Jumapili, tangu alipolala kitandani. Kama ninavyopaka vibuyu vyangu. Chuma cha mwanangu kiote kutu nami nipo?"

"Imezuia umeme, bibi."

Nilianza kusugua kwa msasa, kwenye skrubu, kwenye bamba, na pale distributa inapokalia injini, mpaka chuma kikang'aa. Kila nilipofuta, macho yake yalifuata tambara.

"Taratibu, ng'wanone," alisema. Mwanangu, kwa Kisukuma.

Pikapu ikawaka jua likiwa utosini. Kuku walitawanyika. Baba mdogo alishika kichwa, akacheka mpaka akakohoa. "Ala! Fundi wa sketi!" Kisha akaliokota lile furushi na kulirudisha ndani mwenyewe.

Muungurumo ulikuwa ule ule wa baba akirudi kutoka mnadani. Bibi aliinuka, akabeba kigoda na kukiweka penye kivuli cha ukuta, pale baba alipopenda kukaa akifika. Halafu akabaki amesimama, anakitazama. Nilizima injini.

Mkononi bibi alikuwa na kile kitambaa kilichokuwa kimefungia distributa.

"Sasa baba yenu nimtunzie nini?" aliniuliza.

Nikaketi chini karibu naye, mikono yangu ikinuka samli.