Kopo la Mama Futi

Mama Futi hakuwa mganga, na ungemwita mganga angekuchoma na pini. Alikuwa fundi cherehani mwenye macho. Mteja akiwa bado mlangoni anakung'uta viatu, yeye alishajua kiuno chake, na alishajua pia kwamba atadai amepungua. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni ili kuwapa watu heshima tu.

Kwa macho hayo hayo aliwaaga wanafunzi wake. Siku ya mtu kuhitimu, juu ya meza ya kukatia palikuwa na vitu viwili: mkasi mpya, mzito, na kopo la biskuti lililofungwa. Ukitaka, ulibeba vyote. Ukitaka, ulibeba kopo peke yake. Ila jana yake Mama Futi alikuwa ameshakupima. Akiona wewe ni wa kubeba vyote, aliliacha kopo tupu. Akiona wewe ni wa kopo tu, alitia ndani ufunguo wa mojawapo ya fremu za maduka alizoachiwa na marehemu mumewe, ufanyie kazi humo bila kodi mpaka usimame. Masharti hayo aliyasema waziwazi, na miaka yote hiyo hakuwahi kukosea.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Pindo, aliyeitwa hivyo kwa sababu mwaka wake wa kwanza wote alishona mapindo ya suruali na hakupewa kingine. Nyumbani alikuwa na watoto wawili na cherehani ya mkono iliyolala chini ya kitanda; chumba kilikuwa kimoja, na cherehani ikitoka, watoto sharti watoke nje. Alitaka fremu kama mtu anavyotaka pa kuweka mguu.

Mdogo wa mume wa Pindo alipita hapo kabla yake, akabeba vyote, akakuta kopo tupu. Tangu hapo alishonea kwenye baraza za watu, akifukuzwa na mvua na wenye baraza kwa kupokezana, huku akiwa na mkasi mkali kuliko wa yeyote mtaani. Walimwita Wakili, maana hakukubali hata siku moja kwamba alikosea. Asubuhi hiyo alimsindikiza Pindo mpaka mlangoni kwa Mama Futi, manyunyu yakimlowesha.

"Shemeji, tumia akili. Kopo limefungwa tangu jana. Ufunguo umo au haumo. Ukishika mkasi, ufunguo utayeyuka?"

Pindo alikiri kwamba hautayeyuka.

"Basi beba vyote. Mimi ningeuacha mkasi, ningetoka mikono mitupu kabisa."

"Na walioacha mkasi wana fremu, shemeji."

"Hao walipendelewa. Kupendelewa si hoja."

Kilichomuudhi Pindo ni hiki: kila neno la Wakili lilikuwa sahihi, na Wakili alikuwa amesimama mvuani.

Pindo akaingia, akasimama mbele ya meza. Alikumbuka vitambaa vya mabaki alivyokuwa akibeba kwenda kuwaungia watoto nguo. Mama Futi aliviona vyote. Mkusanya mabaki si ndiye mbeba vyote? Basi kopo ni tupu, na kuacha mkasi ni kuongeza ujinga juu ya shida. Mkono wake ukaenda kwenye mkasi, ukatulia juu yake.

Akainua macho. Mama Futi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, hana haraka hata kidogo. Pindo akatambua kwamba hata mawazo haya, pamoja na kona zake zote, yalishapimwa jana. Kama mwisho wake ni mkasi, mama huyu ameshauona mkasi. Akaondoa mkono taratibu, akanyanyua kopo.

Ndani kikagonga kitu.

Alikaa chini akalia. Mama Futi alimwacha alie, kisha akamuuliza kama angependa kitambaa cha mabaki ajifutie.

"Ulikuwa unaviomba, mwanangu," alisema. "Kila kipande, hata cha ukubwa wa kiganja. Wenzako walijibebea tu."

Fremu ilikuwa na meza, taa na dirisha. Mteja wa kwanza alileta kitambaa cha gauni, na hapo ndipo Pindo alipokumbuka kwamba hana cha kukatia. Akachungulia nje. Wakili alikuwa barazani kwa jirani, akihamishwa.

Akamwomba amwazime mkasi.

"Mkasi huu hautembei bila mwenyewe," Wakili alisema, akaingia, akavuta kiti.

Kufika mchana alikuwa akimweleza mteja kwamba mambo yamethibitisha alivyosema tangu mwanzo: asingeubeba mkasi ule, leo wangekata na nini? Pindo alikuwa na pini mdomoni. Akamsogezea Wakili kitambaa akate.