Wasiwasi wa Chini ya Fotei

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani. Kila mchana nikikaa kwenye fotei langu hapa mtaani Kasulo, sakafu ilikuwa inatetemeka na moyo unadunda. Nikamweleza Mama Kapinga, muuguzi tunayesali naye.

"Stresi iko na sababu," akasema. "Kama hakuna sababu, ni wasiwasi. Lakini angalia muzuri kwanza, mama."

Sikuangalia. Nililipenda sana lile neno wasiwasi.

Wiki iliyofuata akina mama wa kanisa, Mama Kapinga akiwemo, walikuja kusali kwangu. Sakafu ikaanza, vikombe vikalia kwenye sinia, mmoja akasimama akimbie. Nikamkalisha. Nikawaambia wote wafunge macho na kupumua polepole, kwa kuwa hakuna kitu, ni mawazo tu.

Wakatii. Simenti ikapasuka katikati yetu, kikatokea kichwa chenye taa na vumbi tupu. Alikuwa Tata Mutombo, jirani yangu, anayechimba madini ya kobalti chini ya chumba chake, kama wanavyofanya nusu ya watu wa mtaa.

"Pardon, ba mama," akasema. "Hapa ni kwa nani?"

Mama Kapinga alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Yako ni stresi."