Amri ya Kurudi Mwanzo

Ukikatiza ordinateur, yaani kompyuta, inapoandika jina la Kiongozi, taa nyekundu inawaka Kinshasa, juu ya kitanda chake, na kabla hujamaliza sahani yako ya bukari ndege ya askari imeshatua Kindu. Nilielezwa hivyo na mpiga simu wa posta. Mtu anayeongea na Kinshasa kila siku, mimi ningembishia kwa lipi? Niliamini kama ninavyoamini kwamba Lualaba ina maji.

Na ordinateur yenyewe nilikuwa nimekabidhiwa mimi, ya kwanza katika biro yetu, ofisi ya serikali ya mtaa wa Kasuku hapo Kindu, labda ya kwanza tangu dunia iumbwe. Nilikuwa nimetoka tu kupata diploma ya masomo ya jioni, basi shefu aliniona profesa. Fundi kutoka Lubumbashi alinifundisha kupanga amri katika faili moja: unabonyeza touche moja, mashini inazitekeleza yenyewe, moja baada ya nyingine. Siku zile kila barua ilianza na sifa za Chama na za Kiongozi, ndefu kuliko barua yenyewe. Nikaifanya mashini izichape peke yake. Nilitukuka! Watu walitoka Lubutu kuja kutazama kidole changu.

Siku moja mke wangu alikuwa anasafiri kwenda Kibombo kwa mama yake. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi mzaa mama, hakuna mjadala, na treni nyingine ingekuja Mungu anajua lini. Ilibaki ruhusa ya kusafiri tu, yenye saini na muhuri wa shefu, na kuichapa ilikuwa kazi yangu.

"Nenda gare ukae juu ya sanduku," nilimwambia. "Nitafika kabla hujapiga miayo."

Kwa kujipamba, nikaongeza amri moja mwishoni mwa faili: rudi mwanzo. Nilifikiri mashini itarudi na kuningoja kwa adabu, tayari kwa barua inayofuata. Nikabonyeza. Sifa zikachapwa. Zikachapwa tena. Na tena.

Shefu akatoka ofisini mwake, akasoma kilichokuwa kinatoka, akasimama wima, mikono ubavuni. Biro nzima ikasimama. Bendera ikipandishwa, hata mwenye baiskeli alikuwa anashuka. Sembuse jina lenyewe likiandikwa mbele ya macho yako.

"Shefu, ile ruhusa ya mke wangu," nilinong'ona.

"Inaandika."

"Lakini treni..."

"Citoyen, inaandika! Unataka batufunge sisi wote?"

Muhuri ulikuwa mfukoni mwake, na mkono wake haukuthubutu kwenda huko. Mashini ililia kama mbuzi elfu. Karatasi, zote zimeungana, zilishuka mezani, zikapita miguuni mwetu, zikashika njia ya mlango kana kwamba zinakwenda Kibombo zenyewe.

Mke wangu akatokea mlangoni, ameshika kiuno.

"Papa, gari ya moshi iko tayari. Karatasi iko wapi?"

"Simama, Mama," shefu akamwambia kwa upole. "Simama na wewe."

"Nisimame na hili tumbo? Mpaka wakati gani?"

"Mpaka iishe."

Akanitazama. Mimi nikazitazama zile touche, nyingi kama meno ya mamba, na sikuthubutu kugusa hata moja. Akasimama.

Katoni ya karatasi ilikuwa haijaisha tuliposikia treni ikipiga honi, halafu ikipiga tena kwa mbali. Mke wangu akaketi chini, juu ya zile sifa. Hakuna aliyemkataza.

Mtoto alizaliwa hapo hapo Kasuku, mikononi mwa jirani. Mke wangu alimwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nimeshika ndoo ya maji ambayo hakuna aliyeiomba.

Fundi aliporudi kutoka Lubumbashi, mtoto alikuwa ameshajua kukaa. Mke wangu alikuwa ameniletea sombe ya kula kazini, mtoto mgongoni. Nikamsimulia fundi yote, pamoja na ile taa nyekundu. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Kaka," alisema, "hii mashini haiongei na Kinshasa. Iko na waya mmoja tu, wa umeme. Ungebonyeza Ctrl na C pamoja, ingeacha."