Mke Aliyesimuliwa

Kwa miaka mingi Ketill alikwenda kila asubuhi kwenye kidimbwi cha maji ya moto cha mji wetu, huku mkewe Bergljót akibaki nyumbani kufuma soksi. Bergljót alikuwa mtu wa kupisha. Dukani watu walimpita kwenye foleni, na yeye ndiye aliyewaomba radhi. Ketill alipofariki, wenzake wa kidimbwini walimpigia Bergljót simu: nafasi ya marehemu ipo, njoo uikalie. Akaahirisha majuma kadhaa, mpaka ukimya wa nyumba ukamshinda.

Asubuhi moja alifika, akaoga, akavaa nguo ya kuogelea, akatoka nje kwenye baridi hadi kidimbwini. Ndani ya mvuke aliona vichwa viwili.

"Kaa vizuri, Unnur, simba kaingia!" alisema Skúli, mvuvi mstaafu.

Bergljót akageuka kutazama ni nani anayekuja. Hakukuwa na mtu.

"Ni wewe, bibi wee!" Unnur akacheka. "Ingia. Ila samaki umewaacha nyumbani, eti?"

Kidogo kidogo akaelewa. Ketill aliwahadithia kuwa zamani, kwenye kiwanda cha samaki alikofanya kazi, mkewe alimtandika msimamizi samaki mzima usoni. Kumbe siku ile samaki alimteleza tu mkononi, naye akaomba msamaha mpaka msimamizi akachoka kuusikia. Alitaka kuwaambia. Lakini akisema, Ketill atakuwa mwongo mbele ya rafiki zake. Na yeye je, ataendelea kukaa humu kama nani? Akanyamaza, nao wakadhani ule ni ukali.

Mara akaja Hjalti, kijana anayesimamia bwawa, akasimama ukingoni na koti lake.

"Samahanini, wazee wangu. Kuanzia Jumatatu tutafungua saa tatu, si alfajiri tena. Wafanyakazi hawatoshi."

Skúli na Unnur walimgeukia Bergljót.

"Huyo ni wako," Skúli alinong'ona. "Mpe dozi yake."

Maneno yaliyokuwa tayari ulimini yalikuwa yale ya siku zote: sawa mwanangu, usijali. Akamwona Unnur anatabasamu, anasubiri kama mtu aliyeshalipa kiingilio.

"Chuchumaa, Hjalti," alisema, sauti ikimkatika. "Siongei na viatu."

Hjalti akachuchumaa.

"Hapo saa tatu mtu aliye peke yake nyumbani anakuwa ameshazungumza na birika lake mpaka wamegombana. Kama hamna wa kukaa mlangoni, nitakaa mimi. Nenda ukawaambie wakubwa zako."

"Nitawauliza, mama."

"Nimesema ukawaambie."

Hjalti akaenda kupiga simu. Skúli akapiga maji kwa kiganja. "Ketill hakutia chumvi hata punje!"

Bergljót hakusikia vizuri. Alikuwa akijiuliza ni nani aliyesema yale, na kama kesho atapatikana tena. Maana kesho watamtarajia, na keshokutwa pia.

Hjalti alirudi. "Wamekubali tujaribu wiki moja. Ila nimewapa jina lako, mama. Likiharibika neno, watakuita wewe ofisini."

"Nawahurumia hao wa ofisini!" alisema Skúli.

Wakacheka. Bergljót naye akacheka, akichelewa kidogo, huku vidole vyake vikifuma soksi isiyokuwepo chini ya maji, mahali ambapo hawakuweza kuviona.