Tone la Tatu

Fundi wetu wa magari hapa mtaani Alby hupangusa vidole kimoja kimoja kabla ya kugusa gari la mtu. Gari la Mama Beverly lilishtuka kila gia ilipoingia, na bila gari hawezi kuwafikia wazee anaowahudumia majumbani.

"Fundi, toa oili yote ya gia kwa mashine, leo iishe!"

"Hapana, mama. Giaboksi imezeeka, mashine itaamsha uchafu wote. Tutamwaga kidogo, tutajaza mpya, utaliendesha wiki moja, tutarudia."

Kila mara fundi alidondosha tone la oili iliyotoka kwenye karatasi ya kuchujia kahawa: la kwanza jeusi, la pili la kahawia. Jana la tatu lilitoka jekundu, kama oili mpya. Akaweka kikombe cha kahawa kilichojaa juu ya dashibodi, akaingiza gia. Kahawa haikumwagika hata kidogo.

"Kunywa, mama."

Mama Beverly akanywa yote, akapiga honi mpaka majirani wakachungulia madirishani.