Nilivyopanda Newala Kumjibu Mwalimu Agnes

Jumatatu asubuhi dereva wa lori la korosho alisimama mbele ya nyumba yangu hapa Masasi, akanipa bahasha bila kuzima injini. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na habari niliyoiandika mwenyewe, imekatwa gazetini kwa mkasi: “Chilangala Wakumbatia Korosho, Waitupa Shule.” Pembeni, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na neno moja na alama ya kuuliza: “Uliona?”

Mwandiko niliujua. Ndio ulionisahihishia daftari la kwanza maishani mwangu.

Mwalimu Agnes alinifundisha darasa la kwanza na la pili kule Chilangala, juu kwenye uwanda wa Newala, kabla wazazi wangu hawajahamia Masasi. Wengi wetu tuliingia shuleni tukijua Chimakonde tu. Kila asubuhi, kabla hajashika chaki, alimtaka kila mtoto aseme kitu kimoja alichokiona njiani. Ulisema kwa Chimakonde, watu wakacheka, kisha darasa zima likakigeuza kuwa Kiswahili pamoja. Ole wako useme jambo uliloambiwa tu. “Nenda ukaone, tunakusubiri,” angesema, na kweli wangesubiri. Siku moja nilisema kuna chatu ameuawa nyuma ya ghala la ushirika. Nilitumwa. Nikakuta mpira wa baiskeli.

Habari ile ya gazeti niliipata kwa mnunuzi wa korosho, mmoja wa wale waliojaa mjini tangu biashara iachiwe watu binafsi. Aliniambia amepita Chilangala asubuhi akakuta darasa la kwanza halina mtoto hata mmoja, na chini ya miti yote pamejaa waokotaji. Nikaandika. Sikupanda kuuliza, ingawa mtu akitoka Masasi asubuhi anafika kabla ya jua kuzama.

Jumanne nilipata nafasi juu ya lori lililokuwa likipeleka magunia matupu. Njiani, Chiungutwa, tulisimama kunywa chai. Sokoni palikuwa na vitu ambavyo utotoni mwangu tulivipata kwa foleni au hatukuvipata kabisa: beseni za plastiki za rangi zote, redio, mitumba iliyotundikwa kwenye kamba. Wakulima walisukuma baiskeli zenye magunia ya korosho. Kutoka hapo barabara ilianza kupanda, na vumbi jekundu likatupaka sote rangi moja.

Mama mmoja aliyekalia dumu tupu la maji kando yangu aliniuliza ninakwenda kwa nani.

“Kwa Mwalimu Agnes.”

“Basi wahi. Kesho wana kikao. Kuna mwandishi mmoja huko Masasi kawatukana gazetini. Ningempata mimi, ningemtwisha dumu hili limejaa mpaka shingo imuingie tumboni.”

“Huenda hakujua,” nikasema.

“Na kuuliza je, hakujua pia?”

Niligeuka nikaanza kuhesabu mikorosho.

Saa kumi na moja jioni nilipiga hodi. Mwalimu alitoka na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Hamisi. Umenenepa. Lete huo mfuko, ukanawe.”

Hakulitaja gazeti hadi tulipomaliza ugali wa muhogo na kisamvu. Ndipo akanieleza. Mvua zilichelewa na matangi ya kijiji yakakauka. Kila asubuhi watoto wanashuka bondeni na wazazi wao kuchota maji, na hawarudi kabla ya saa tano. Kwa hiyo yeye, aliyekwisha kustaafu, aliomba funguo za darasa, na sasa anawafundisha darasa la kwanza kuanzia saa tisa alasiri. Mnunuzi wangu alipita asubuhi, akakuta wakubwa waliobaki wakiokota korosho. Alichokiona kilikuwa kweli; nilichokiandika kilikuwa uongo.

“Wazazi wameumia,” alisema. “Wanasema kama wao ni wazembe, basi wawe wazembe kweli, watoto wasije tena hata hiyo alasiri. Kesho wanaamua.”

“Nitawaomba radhi.”

“Kwa lipi? Hata hujui ulichokosea kina uzito gani. Baba Zuhura anashuka alfajiri na binti yake. Uwafuate.”

Jumatano, kabla jua halijachomoza, Baba Zuhura alinikabidhi dumu la lita ishirini pasipo salamu ndefu. Njia iliteremka ukingoni mwa uwanda, katikati ya mawe na mizizi, na mbele yetu bonde la Ruvuma lilikuwa bado limejaa ukungu. Zuhura, mwenye umri wa miaka kama tisa, alitangulia akiimba silabi za darasani. Kisimani tulisubiri zamu nyuma ya watu wengi. Maji yalikuja kwa kata moja moja, meupe kama uji.

Kurudi ndiko kulikonifundisha adabu. Nilipumzika kila baada ya hatua chache, na kila nilipojitwisha tena maji yalinimwagikia mgongoni.

“Mjomba,” Zuhura aliniambia bila kugeuka, “ukiendelea hivyo utafika umeoga.”

“Mwache,” baba yake akasema. “Huyo anaandika tu. Kubeba hawakumfundisha.”

Saa nane mchana wazazi walikutana darasani, wamebanana kwenye madawati ya watoto wao. Wengi walikuwa wamefundishwa na Mwalimu Agnes, Waislamu kwa Wakristo, na yeye aliketi nyuma kabisa. Nilisimama, nikasema mimi ndiye niliyeandika na kwamba niliandika nisichokiona. Nilitegemea matusi. Badala yake nikaulizwa maswali.

“Leo umeona nini?” akauliza Baba Zuhura.

“Nimeona watu wakichota maji.”

“Watu gani? Wangapi mbele yetu?”

“Thelathini hivi.”

“Hivi?” Darasa likacheka.

“Watoto walikuwa wamebeba nini mkononi?” akauliza mama mmoja wa mstari wa mbele.

Sikuwa nimeona. Akanijibu mwenyewe: vipande vya ubao, wanasoma wakiwa kwenye foleni. Waliendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, na kila nilipojibu kwa kukisia walinirudisha. Nilitazama nyuma. Mwalimu alikuwa amevua miwani anafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa nini.

Mwisho Baba Zuhura alisema, “Aandike upya. Na watoto waendelee. Hatuwezi kumkomoa mtu wa Masasi kwa kumnyima Zuhura kusoma.” Mikono ikainuliwa karibu yote. Wazazi walipotoka, watoto waliokuwa wakisikiliza dirishani waliingia mbio, na somo likaanza kwa kuchelewa robo saa. Mwalimu alilalamikia hiyo robo saa.

Alhamisi nilirudi Masasi, shingo haigeuki. Njia nzima niliwaza jambo moja. Kwa miaka yote nimejivunia kuwa mimi ndiye mwanafunzi wa Mwalimu Agnes aliyelishika somo lake, kwa kuwa nimelifanya kuwa kazi yangu. Kumbe waliobaki na jembe walikuwa wamelishika vizuri kuniliko, na hawakuwahi kulipwa wala kuandikwa jina kwa ajili yake.

Habari mpya ilitoka wiki iliyofuata, ndefu kuliko ya kwanza. Siku tatu baadaye dereva wa lori alisimama tena mbele ya nyumba yangu.

“Baba Zuhura anakusalimu. Anasema umeandika vizuri, ila umesema kisima ni kimoja. Viko viwili. Cha pili kiko nyuma ya mwamba, hukukiona kwa sababu ulikuwa umelala chini hoi.”

“Ni kweli kipo?”

Dereva akainua mabega. “Mimi nimeambiwa tu.”

Nilimwomba anishikie nafasi. Nikaingia ndani kutafuta viatu.