Mukebuka na Klaviye ya Kigoma

Andika kama ninavyosema, mjukuu, wala usinipambie maneno. Sikusoma, lakini enzi za Zaire nilifanya kazi miaka mingi katika biro moja, yaani ofisi, ya bandari hapa Kalemie, nikifagia, nikipangusa meza na kupeleka barua. Biro ilikuwa na kompyuta moja, na sekretere wake alikuwa mama mmoja mjane aliyegonga herufi kwa vidole viwili, macho yakizitafuta moja moja.

Mvua ilipenya bati ikaharibu klaviye, yaani ule ubao wa kugongea herufi. Mfanyabiashara mmoja wa Kigoma akatuletea nyingine. Asubuhi ilipounganishwa, kompyuta iliwaka vizuri, ikauliza neno la siri kama kawaida, kisha ikalikataa. Herufi zenyewe hazikuonekana. Kila pigo lilitokeza nyota tu.

Orodha ya mizigo ya boti iliyongoja bandarini ilikuwa ndani ya mashine hiyo, na boti haikuruhusiwa kuondoka bila orodha. Shefu, mkubwa wa biro yetu, akaja kusimama mlangoni.

"Sitwayeni," alisema, yaani raia, maana ndivyo tulivyoamriwa kuitana, "umebadilisha neno."

"Sikubadilisha, Papa shefu. Njo lile lile."

"Kama orodha haitoke mbele ya saa sita, utaniachia ufunguo wa biro, uende kuanika samaki."

Mama yule alilisha watoto wanne kwa kazi hiyo. Kwa hofu akalitaja neno la siri mbele yetu sote: mukebuka, jina la samaki wa ziwa letu.

Mfanyabiashara, ambaye magunia yake yalikuwa botini, akacheka. "Ndiyo maana inakataa! Sisi Kigoma tunasema mgebuka. Klaviye ni ya kwetu, mama, iandikie Kiswahili chake."

Shefu aliona jambo hilo lina maana. Wakaandika mgebuka, ikakataa. Wakajaribu mikebuka, kwa kuwa samaki hao hutembea wengi, ikakataa. Shefu akaamuru mashine izimwe ipumzike, kisha akabishana na mgeni kuhusu jina halali la samaki hadi saa tano ikapita.

Kila asubuhi nilisimama nyuma ya mama huyo na kitambaa changu, nikisubiri amalize neno lake ndipo nipanguse meza. Vidole vyake vilianzia kulia, karibu na ukingo, vikaishia pembe ya kushoto, chini ya tarakimu. Siku hiyo havikupita huko.

"Mama, unapotea njia," nikasema.

"Papa, wewe unajua kusoma tangu lini?" shefu akauliza.

"Sijui kusoma. Ninajua mahali."

Nikamwonyesha pa kuanzia. Alisema hapo hapana herufi, pana nukta tu. Nikamwambia agonge. Herufi za katikati akazigonga kama kawaida, nikamwonyesha na pa kuishia, akagonga. Mashine ikafunguka.

Fundi aliyefika baadaye kwa treni ya Kabalo alieleza kwamba kompyuta, kila ilipowaka, ilisoma agizo la zamani kuwa klaviye yake ni ya Kifaransa, ambako M na A hukaa mahali tofauti na klaviye ya Kiingereza kama ile ya Kigoma. Herufi ziliwadanganya waliozisoma. Mimi hazikunidanganya, kwa kuwa hazijawahi kuniambia kitu.

Orodha ilitoka robo saa kabla ya saa sita. Shefu hakuomba radhi. Aliisaini, akamwamuru mama atafute neno jingine, kwa kuwa lile lilikuwa limejulikana bandari nzima. Mama akautia ufunguo wake mfukoni, akanigeukia, akaniomba kwa heshima nisubiri nje hadi amalize kuandika neno jipya.

Nikatoka.